Ameuawa na Nani? Kifo cha Mhusika na Mamlaka ya Mwendesha Mchezo katika Uigizaji wa Mezani

Utangulizi

Miongoni mwa aina za masimulizi zilizozuka katika nusu ya pili ya karne ya ishirini, mchezo wa kuigiza wa mezani umechelewa kupata nafasi yake katika uhakiki wa fasihi. Watu wanne, watano au sita hukaa kuizunguka meza moja. Kila mmoja, isipokuwa mmoja wao, hushika mhusika mmoja aliyemuunda mwenyewe, akamwandikia nguvu zake na udhaifu wake katika karatasi. Yule aliyebaki huitwa mwendesha mchezo. Huyu ndiye anayeieleza mandhari, anayewasemea wahusika wengine wote, kuanzia mwenye nyumba ya wageni hadi joka, na anayeamua matokeo ya matendo kwa kufuata kitabu cha kanuni na kwa kurusha dadu. Hapana jukwaa, hapana maleba, wala hapana matini iliyokwisha kuandikwa. Kisa chote hutungwa kwa kauli, papo kwa papo, baina ya watu ambao kila mmoja ni msimulizi na msikilizaji kwa zamu.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo moja tu katika sanaa hii, nalo ni namna mwendesha mchezo anavyokabili kifo cha mhusika, pamoja na hasara nyinginezo zinazompata mhusika kabla ya kifo. Jambo hili limezua mabishano miongoni mwa wachezaji tangu mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa kwa umma, Dungeons & Dragons, ulipochapishwa nchini Marekani mwaka 1974. Mara nyingi mabishano hayo huendeshwa kana kwamba ni suala la tabia: mwendesha mchezo fulani ni mkatili, mwingine ni mpole. Itaonyeshwa hapa kwamba suala lenyewe si la ukatili wala la upole. Ni suala la umiliki wa hadithi: ni nani mwenye haki ya kuukatiza uhai ambao mwingine ameutunga?

Sarufi ya Kiswahili inatoa njia mwafaka ya kuliingilia suala hili. Kitenzi 'kufa' hakidai mtendaji. Mtu hufa, basi. Lakini kitenzi 'kuuawa' kikishatamkwa, msikilizaji hungoja 'na' pamoja na jina linalofuata. Mchezaji anapoelezwa kwamba mhusika wake ameuawa, swali la 'na nani?' huwa na majibu mawili kwa wakati mmoja. Ndani ya hadithi, ameuawa na joka. Mezani, ameuawa na dadu, au na uamuzi wake mwenyewe, au na mwendesha mchezo. Dai la makala haya ni kwamba kifo cha mhusika huwa na thamani ya kisanaa pale ambapo majibu haya mawili yanaafikiana, na huwa na kasoro pale yanapopingana.

Hakimu na Msimulizi

Waasisi wa Dungeons & Dragons, Gary Gygax wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin na Dave Arneson wa jimbo jirani la Minnesota, walikulia katika michezo ya vita, yaani michezo ambamo vijisanamu huwakilisha vikosi, na hakimu huamua kwa kanuni ni kikosi gani kimeshinda. Katika mchezo wa vita kifo ni hesabu. Askari ishirini wakianguka, vijisanamu huondolewa mezani, na hapana anayewalilia, kwa kuwa hapana aliyewapa majina.

Mambo yalibadilika Arneson alipoanza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kuendesha mchezo wa nchi ya kubuni iliyoitwa Blackmoor, ambamo kila mchezaji alimshika mtu mmoja badala ya jeshi. Arneson alisimulia miaka mingi baadaye kwamba kanuni za kwanza alizozitumia zilimuua mtu kwa pigo moja, na wachezaji wake hawakupendezwa na kuwapoteza upesi hivyo watu waliokwisha kuwazoea. Ndipo alipoazima kutoka katika kanuni za mapigano ya manowari wazo la kuhesabu madhara kidogo kidogo, na kila mhusika akapewa idadi ya alama za uhai zinazopungua kwa kila pigo. Tukio hili dogo lina maana kubwa kwa mhakiki. Alama za uhai hazikubuniwa ili kuiga ukweli wa vita. Zilibuniwa kwa sababu mtu mwenye jina hawezi kuondolewa mezani kama kijisanamu. Kwa maneno mengine, suala la kifo cha mhusika lilizaliwa siku ile ile mhusika alipozaliwa.

Hivyo mwendesha mchezo alirithi madaraka mawili yasiyopatana kwa urahisi. Kutoka katika mchezo wa vita alirithi uhakimu, ambao unamtaka asimpendelee yeyote. Kutoka katika usimulizi alirithi wajibu wa kukifanya kisa kivutie na kiwe na maana. Fanani wa ngano hana shida hii. Yeye ni msimulizi tu. Akitaka Sungura aponee chupuchupu, Sungura huponea, wala hapana kanuni iliyovunjwa. Hadhira yake huitikia, huimba na hata humsahihisha, lakini Sungura si mali ya yeyote kati yao. Katika uigizaji wa mezani, kila msikilizaji amekuja na Sungura wake.

Hukumu ya Dadu

Msimamo wa kwanza katika suala hili ni ule unaomkabidhi dadu hukumu yote. Katika kanuni za mwaka 1974, alama za uhai zilipokwisha, mhusika alikuwa amekufa. Mhusika mchanga alipata alama zake kwa kurusha dadu moja ya nyuso sita, na pigo la silaha ya adui liliondoa alama kwa dadu ya namna hiyo hiyo. Pigo moja la upanga, basi, liliweza kummaliza mtu aliyeundwa robo saa iliyotangulia. Mchezo wa Traveller, uliochapishwa mwaka 1977, ulikwenda mbali zaidi: mhusika aliweza kufa jeshini wakati maisha yake ya awali yalipokuwa yakibuniwa, hata kabla kisa hakijaanza.

Wanaoutetea msimamo huu wana hoja isiyoweza kubezwa. Dadu haina ndugu wala rafiki. Ushindi unaopatikana mbele ya hatari ya kweli una ladha ambayo ushindi wa kupewa hauwezi kuwa nayo, na mchezaji anayejua kwamba mhusika wake anaweza kufa hufikiri kwa makini kabla ya kuufungua mlango. Isitoshe, swali la 'na nani?' hapa hujibiwa bila kigugumizi: ameuawa na dadu iliyorushwa mbele ya macho ya wote.

Hata hivyo, ni hapo hapo udhaifu wa msimamo huu unapoonekana. Aristotle, katika uchambuzi wake wa tanzia, alishikilia kwamba matukio ya kisa yapaswa kufuatana kwa uwezekano au kwa ulazima, si kwa kupangwa tu moja baada ya jingine. Dadu haijui uwezekano wa kisa; inajua uwezekano wa hesabu tu. Inaweza kumuua shujaa katika vita vikuu, na inaweza vile vile kumuua kwa kuteleza kwenye ngazi. Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga, na ni kweli; lakini ajali haina maana pia, mpaka atokee mtu wa kuisimulia. Mwendesha mchezo anayetamka 'umekufa' na kuendelea na zamu ya mchezaji anayefuata ametimiza uhakimu wake, na ameutupa usimulizi.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni kisa cha Tomb of Horrors, alichokiunda Gygax kwa ajili ya mashindano ya mwaka 1975 na kukichapisha mwaka 1978. Mwanzoni mwa kaburi hilo pana uso mkubwa wa shetani wa kijani, uliopanua kinywa cheusi. Anayeingia katika kinywa hicho huangamia mara moja, pasipo dadu ya kumwokoa. Wahakiki wengi wa michezo wamekishutumu kisa hiki kuwa ni mtego wa kikatili. Shutuma hiyo inahitaji kupimwa upya. Sakafuni mwa kaburi hilo limeandikwa fumbo linalowaonya wanaoingia waiepuke rangi ya kijani. Anayeangamia kinywani hakuangamizwa na bahati. Ameangamizwa na kupuuza fumbo alilolisoma mwenyewe. Kwa hiyo uso wa kijani, pamoja na ukali wake wote, una mantiki ambayo pigo la bahati halina. Kasoro yake iko kwingine: hasara ni moja tu, nayo ni ya mwisho. Mchezaji hapewi nafasi ya kujifunza lugha ya kaburi kabla ya kutahiniwa kwa lugha hiyo.

Mhusika Aliyekingwa

Msimamo wa pili ni kinyume cha wa kwanza. Mwaka 1984, kampuni ya TSR, iliyomiliki Dungeons & Dragons, ilianza kuchapisha mfululizo wa visa vya Dragonlance, vilivyoasisiwa na Tracy Hickman na wenzake, sambamba na riwaya alizoziandika Hickman pamoja na Margaret Weis. Hapa palikuwa na hadithi kubwa iliyopangwa tangu mwanzo hadi mwisho, na mashujaa wenye majina ambao wachezaji waliwashika. Ilionekana wazi kwamba dadu ingeweza kuivuruga hadithi hiyo kwa kumuua shujaa anayehitajika katika sura zijazo. Ikawekwa kanuni ya kuwa shujaa akifa, kifo chake kifichwe: aporomoke bondeni, mwili wake usionekane, ili aweze kurejea baadaye kwa maelezo yanayoaminika.

Hila hii si ngeni. Ni ile ile ya waandishi wa riwaya za magazetini, ambao shujaa wao huanguka baharini mwishoni mwa sehemu moja na kuokotwa na wavuvi mwanzoni mwa sehemu inayofuata. Lakini tazama tofauti iliyojitokeza kati ya riwaya na mchezo. Katika riwaya ya Dragons of Winter Night ya mwaka 1985, askari Sturm Brightblade anakufa akiwa peke yake juu ya ukuta wa ngome, na kifo chake ni mojawapo ya matukio yanayokumbukwa zaidi na wasomaji wa mfululizo huo. Mwandishi alikuwa huru kumuua kwa sababu alikuwa mmiliki pekee wa hadithi. Mwendesha mchezo aliyepewa hadithi iliyokwisha kupangwa hakuwa na uhuru huo, wala wachezaji wake hawakuwa nao. Hadithi ilikuwa na mmiliki aliye mbali, naye hakuwapo mezani.

Nje ya visa vya namna hiyo, ukingaji wa mhusika hufanyika kwa njia ya siri zaidi. Mwendesha mchezo huwa na kiambaza cha kadibodi mbele yake, na nyuma ya kiambaza hicho hurusha dadu ambazo wachezaji hawazioni. Dadu ikisema kwamba mhusika afe, na mwendesha mchezo akaona kwamba kifo hicho kitaiharibu jioni, huitangaza namba nyingine. Ughushi huu hutendwa kwa nia njema, na watendaji wake hujitetea kwa hoja inayowahusu moja kwa moja wanafunzi wa fasihi simulizi: je, fanani naye habadilishi ngano katikati ya usimulizi, akiona watoto wanaanza kulia au kusinzia? Iweje jambo hilo liitwe ufundi kwa fanani na liitwe udanganyifu kwa mwendesha mchezo?

Jibu limo katika ahadi iliyotolewa. Fanani hakumpa mtu yeyote dadu. Hakuahidi kwamba hatima ya Sungura ingeamuliwa na kitu kingine zaidi ya ulimi wake, na kwa hiyo anapobadilisha mkondo havunji ahadi. Mwendesha mchezo, kwa kuiweka dadu mezani, ameahidi kwamba pana jambo asilolimiliki. Anapoighushi dadu hiyo kwa siri, anajirudishia umiliki wote huku wachezaji wakidhani kwamba wao ni washirika. Swali la 'na nani?' hapa linajibiwa kwa uongo hata pale mhusika anapopona: wanaamini ameokolewa na bahati, kumbe ameokolewa kwa hisani. Na hisani hiyo ikigunduliwa, hula thamani ya ushindi wote uliotangulia, maana hapana tena anayeweza kujua ni upi alioupata na upi aliopewa. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Hasara Badala ya Kifo

Kati ya misimamo hii miwili pana njia ya tatu, na inashangaza kwamba dalili zake zimo katika maandishi ya Gygax huyo huyo anayehesabiwa kuwa kiongozi wa wakali. Katika mwongozo wake kwa waendesha mchezo wa mwaka 1979, Gygax alikubali kwamba wakati mwingine mhusika hufa pasipo kosa la mchezaji: tahadhari zote zimechukuliwa, lakini dadu imekataa. Kwa jumla, alishauri, matukio hayo yaachwe yapite. Hata hivyo alimpa mwendesha mchezo haki ya kuamua kwamba, badala ya kufa, mhusika amezimia, au amepoteza kiungo, au amepofuka jicho moja.

Wazo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Gygax hasemi kwamba dadu ipuuzwe. Anasema kwamba hasara ibaki, ila umbo lake libadilike kutoka katika hasara inayokifunga kisa kwenda katika hasara inayokifungulia kisa. Mpiganaji aliyekatwa mkono wa kulia ni mhusika mpya: lazima ajifunze upya, amtafute mhunzi, amchukie adui kwa jina. Dadu imeheshimiwa na hadithi imeheshimiwa, na yote hayo yanaweza kutangazwa mbele ya wachezaji pasipo kificho.

Si kila badala ya kifo, hata hivyo, ina nguvu hiyo. Mfano ni ufufuo. Tangu matoleo ya mwanzo, makasisi wa ngazi za juu katika Dungeons & Dragons waliweza kuwafufua wafu. Katika toleo la mwishoni mwa miaka ya 1970, ufufuo ulikuwa na gharama ya mwilini: mtu aliyefufuliwa alipoteza alama moja ya siha, na siha yake ya awali ndiyo iliyoweka mpaka wa mara ambazo angeweza kurejeshwa. Katika toleo la mwaka 2014, gharama kubwa iliyosalia kwa ufufuo wa kawaida ni almasi yenye thamani ya vipande 500 vya dhahabu, pamoja na unyonge unaopungua kwa kila mapumziko marefu. Tofauti hii inastahili kuangaliwa. Gharama ya kwanza inaandikwa katika mwili wa mhusika na haifutiki. Ya pili inaandikwa katika mfuko wake, na mfuko hujazwa tena. Kifo kilichogeuzwa kuwa deni la dukani hakimtishi mtu.

Mchezo wa Paranoia wa mwaka 1984 uliliona jambo hili na ukalifanyia tashtiti. Humo kila mhusika ana nakala sita za nafsi yake, na mmoja akifa, mwingine huletwa akiwa na sura ile ile na jina lile lile. Wachezaji hufa ovyo na hucheka. Mchezo huo umefaulu kwa kuwa tashtiti ndiyo dhamira yake. Lakini pia umeonyesha, kwa njia ya kicheko, kwamba kifo kinachorekebishwa kwa urahisi huangukia katika utanzu wa vichekesho, hata kama mwendesha mchezo alikusudia tanzia.

Kushindwa Kusikokuwa Mwisho

Kifo ni ncha tu ya suala pana zaidi la kushindwa. Katika kanuni za zamani dadu iliyokataa mara nyingi ilimaanisha kwamba jambo halikutokea: kufuli halikufunguka, alama za nyayo hazikuonekana. Kwa mtazamo wa usimulizi jibu hilo ni baya kuliko kifo, kwa sababu kifo angalau ni tukio. Kufuli lisilofunguka ni ukimya, na kikundi kizima hukaa mbele yake kikirusha dadu tena na tena mpaka ikubali.

Mchezo wa Apocalypse World wa Vincent Baker, uliochapishwa mwaka 2010, ulitengeneza upya msingi huu. Mchezaji hurusha dadu mbili za nyuso sita na kuzijumlisha pamoja na sifa ya mhusika wake. Akipata kumi au zaidi, hufanikiwa. Akipata saba hadi tisa, hufanikiwa kwa gharama au nusu nusu. Akipata sita au chini yake, mwendesha mchezo hupata ruhusa ya kuisukuma hali mbele kwa namna isiyompendeza mchezaji. Kushindwa, basi, si kukosekana kwa tukio; ni zamu ya mtu mwingine kutunga. Kufuli limefunguka, lakini mlinzi amesikia. Mchezo wa Dungeon World wa mwaka 2012, uliojengwa juu ya msingi huo, uliipeleka kanuni hiyo hadi mlangoni pa kifo chenyewe: mhusika anayekata roho hurusha dadu, na akipata matokeo ya katikati, Mauti humjia na kumpa masharti. Anaweza kuyakubali akaishi akiwa na deni, au kuyakataa akaenda zake. Hapo mchezaji ndiye anayeijibu 'na nani?' kwa kinywa chake.

Kifo Chenye Urithi

Wapo watunzi wa michezo waliokwenda njia nyingine: badala ya kukizuia kifo, wakakipa mahali pake. Greg Stafford, katika mchezo wake wa Pendragon wa mwaka 1985 uliojengwa juu ya hadithi za Mfalme Arthur, aliufanya wakati wa kisa uende haraka. Kwa kawaida kila kisa huchukua mwaka mmoja wa maisha ya mhusika. Kila majira ya baridi kali huhesabiwa mavuno, ndoa na watoto waliozaliwa. Shujaa akifa, mwanawe huichukua ngao yake pamoja na sehemu ya sifa aliyoiacha, na pia uadui aliouacha. Mchezaji hamiliki tena mtu mmoja, anamiliki ukoo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Wasomaji wa tendi hawatakosa kuona ujamaa uliopo kati ya mpango huu na kisa cha Fumo Liyongo, kama kilivyotungwa katika utendi wa Muhamadi Kijumwa wa mwaka 1913. Liyongo haumizwi na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo anaitoa yeye mwenyewe kwa mwanawe, ambaye ametumwa na adui za babake. Akiulizwa mtu ni nani aliyemuua Liyongo, majibu ni mengi na yote ni ya kweli: mwana, sindano, hila za mtawala, na ulimi wa Liyongo mwenyewe. Hapana jibu linalomkanusha mwenziwe. Zaidi ya hayo, kifo hicho hakiukatizi utendi. Shujaa anajikokota hadi kisimani, anapiga goti na kuushika upinde wake, na watu wa mji wanakosa maji kwa kuiogopa maiti wanayodhani i hai. Kifo kinaendelea kutenda kazi baada ya pumzi kukatika. Ingawa utendi na uigizaji wa mezani havina uhusiano wa kihistoria, kipimo kilichomo katika utendi huo kinafaa kuupimia mchezo: kifo chema ni kile kilichotayarishwa na matendo ya mhusika, na ambacho walio hai wanalazimika kukizunguka.

Mchezo wa Ten Candles wa Stephen Dewey, uliochapishwa mwaka 2015, unatoa jibu la hoja inayoweza kuletwa hapa, yaani kwamba mapatano ya awali juu ya kifo huua taharuki. Katika mchezo huo mishumaa kumi huwashwa mezani na huzimika mmoja baada ya mwingine, na kila mchezaji anajua tangu mwanzo kwamba wahusika wote watakufa kabla kisa hakijamalizika. Swali si iwapo, bali ni vipi na kwa ajili ya nani. Taharuki haipungui, inahama tu kutoka katika matokeo kwenda katika maana. Hadhira ya tanzia imelijua jambo hili tangu zamani.

Vigezo vya Tathmini

Kutokana na uchambuzi huu vinaweza kutolewa vigezo vitatu vya kuuhakiki uamuzi wa mwendesha mchezo. Cha kwanza ni onyo: je, hatari ilitamkwa katika hadithi kabla ya mchezaji kujitosa? Cha pili ni hiari: je, mchezaji alikuwa na njia nyingine ya kweli, na aliijua? Cha tatu ni athari: je, hasara ile imeacha jambo la kutendwa na waliosalia?

Chukuliwe mfano wa daraja la kamba juu ya genge. Mwendesha mchezo wa kwanza anaeleza daraja, anaomba dadu, dadu inakataa, na mhusika anakufa. Hapana onyo, hapana hiari, hapana athari. Wa pili anarusha dadu nyuma ya kiambaza, anaona imekataa, na anatangaza kwamba mhusika amevuka. Hapana hasara, na kwa hiyo hapana daraja. Palikuwa na maneno tu. Wa tatu anaeleza kwamba kamba moja imekwisha kukatika, kwamba njia ya bondeni ni salama lakini itachukua siku nzima, na kwamba wanaofuatwa wako umbali wa saa mbili. Mchezaji anachagua daraja. Dadu inakataa. Sasa mwendesha mchezo anauliza: kamba imekatika, mkono mmoja umeshika ubao na mwingine umeshika mzigo wenye barua ya mfalme, unaachia nini? Huenda mhusika akafa, huenda barua ikapotea. Lolote litakalotokea, hapana mezani atakayesita kulijibu swali la 'na nani?'

Ni wazi kwamba mwendesha mchezo wa tatu hakuwa mpole kuliko wenzake. Huenda ndiye mkali zaidi, kwa kuwa amemkabidhi mchezaji uzito ambao wa kwanza aliutupia dadu na wa pili akaubeba peke yake kwa siri.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mabishano juu ya kifo cha mhusika katika uigizaji wa mezani hayahusu huruma bali umiliki. Msimamo wa dadu unaulinda uadilifu na kuisahau maana. Msimamo wa ukingaji unailinda maana kwa kuuiba uadilifu. Michezo iliyofaulu zaidi, kuanzia ushauri wa Gygax wa mwaka 1979 hadi mishumaa ya Dewey, imefaulu kwa kuifanya hasara itamkwe waziwazi na igawanywe baina ya wote waliokaa mezani.

Kwa mtaalamu wa lugha na fasihi simulizi, sanaa hii ina faida ya pekee. Nadharia za fasihi simulizi zimezungumza kwa muda mrefu juu ya hadhira inayoshiriki, lakini ushiriki huo umezoeleka kupimwa kwa viitikio, makofi na nyimbo. Katika uigizaji wa mezani hadhira ina kitu cha kupoteza, na fanani analazimika kuomba idhini ya kukichukua. Uchunguzi wa mazungumzo ya meza hizo, hasa pale sentensi 'ameuawa' inapotamkwa na kimya kikaanguka, ungewapa watafiti nafasi ya kuona jinsi mamlaka ya usimulizi yanavyodaiwa, yanavyopingwa na yanavyokubaliwa kwa maneno matupu. Kazi hiyo inawangoja.